Mize Aliyekataliwa na Sikio

Anayetaka kujua Shaweji alipitia wapi hata akatokea nchi ya Masikizi, amwulize Shaweji mwenyewe, na ajiandae kusikiliza habari za mbu na visigino vilivyopasuka mpaka chai ipoe. Mimi hayo sina haja nayo. Nitasimulia yale aliyoyakuta huko, maana hayo nimeyasikia kwake mara nyingi, hata akikosea mahali namsahihisha.

Shaweji ni dalali. Siku ya mnada akifungua kinywa upande wa nguo, wanunuzi wa mbuzi upande wa pili hugeuza shingo. Tena Mungu alimjalia udadisi usio na breki. Ukimwambia mlango huu haufunguliwi, umeshampa kazi ya kutwa. Alikwenda Masikizi kutafuta mnunuzi wa marobota yake ya sufi. Alikuwa amesikia kwamba watu wa huko wanalala majumbani mwao na kazi zinafanyika zenyewe, naye akajiambia kwamba mwenye kulala sana atataka godoro, na godoro litataka sufi.

Alipoingia mjini alifanya kama anavyofanya popote. Akasimama katikati ya njia, akavuta pumzi, akatoa salamu. Loo! Watu wakajikunyata kama waliomwagiwa maji. Mama mmoja akamziba mwanawe masikio. Akaja mbio bwana mmoja mwembamba, leso mkononi, nusura amzibe Shaweji mdomo.

"Taratibu, bwana, taratibu," akanong'ona. "Utaliharibu koo lako, na wengine watakuiga."

Huyo alikuwa Bwana Chande, afisa wa Ofisi ya Wageni, ambaye kazi yake ilikuwa kufuatana na Shaweji kila aendako. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na upole wa mtu aliyezoea kuomba radhi kwa makosa ya ofisi.

Masikizi hakuna ufunguo wala kufuli. Kila mlango, uwe wa nyumba, benki, ghala au choo cha ofisi, una kidude cheusi cha ukubwa wa kikombe cha kahawa, kimepachikwa usawa wa mdomo. Wanakiita Sikio. Masikio yote ya nchi yameunganishwa na moja, Sikio Kuu, lililomo katika jumba jeupe ambalo hakuna anayeliingia. Ukifika mlangoni unapiga hodi kwa mdomo. Sikio likiijua sauti yako linajibu, "Karibu, fulani," na mlango unafunguka. Lisipoijua linasema, "Sikujui," na hapo habari imekwisha, hata kama nyumba ni yako na wali wako unaungua ndani.

"Lakini mwenyeji akiwemo ndani si atanifungulia?" Shaweji akauliza.

"Atakufunguliaje? Ana uhakika gani kwamba ni wewe?"

"Si ananiona!"

Bwana Chande akamtazama kwa huruma. "Macho hayamo katika sheria zetu," akasema.

Kisha akamweleza mambo yalivyoanza. Zamani watu wa Masikizi walikuwa wakiaminiana kwa simu. Wakatokea wezi wa sauti. Mwizi alidaka maneno machache ya mtu, akayatia mtamboni, na mtambo ukaweza kusema lolote kwa sauti ya mtu yule yule, hata na kikohozi chake. Mweka hazina wa nchi akapigiwa simu na mkubwa wake, au alidhani ni mkubwa wake, akaamriwa aihamishe hazina yote. Akaihamisha, tena akashukuru kwa kuaminiwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyeliamini sikio lake mwenyewe. Baraza likaamua lijengwe Sikio moja lisilodanganyika, nchi nzima ilitegemee hilo.

"Na wale wezi walifanywaje?"

"Waliajiriwa," akasema Bwana Chande. "Nani mwingine angejua kulijenga?"

Shaweji akacheka. Alicheka peke yake.

Sasa, Sikio Kuu lina sharti moja. Sauti yako ya leo lazima ifanane na ile uliyoandikishwa nayo, na kuandikishwa ni mara moja tu katika maisha. Ndiyo maana watu wa Masikizi wanatembea na vitambaa shingoni hata jua linapowaka, wanakunywa tangawizi asubuhi na jioni, hawapigi kelele mpirani, na vijana wa kiume wanaovunja sauti wanafungiwa ndani mpaka koo litulie. Meneja wa benki kuu aliandikishwa akiwa na mafua makali. Siku hizi, kabla ya kufungua ofisi, hujibana pua kwa kibanio cha nguo, akasema "Hodi" kama mtu aliyelala mtaroni, na wafanyakazi wanapanga foleni nyuma yake kwa heshima zote. Hakimu Mkadamu, ambaye habari zake zinakuja, aliandikishwa akiwa na kwikwi. Masikini wa Mungu, hapiti mlango mpaka aitoe kwikwi mahali pake hasa, baada ya "ho" na kabla ya "di", na ana mwalimu wa kumfundisha.

Shaweji alipelekwa kuusikiliza mjadala wa Baraza. Siku hiyo walijadili kicheko. Mjumbe mmoja alitaka kicheko kipigwe marufuku maofisini kwa sababu kinalegeza koo. Mwingine akasema hapana, kicheko kiruhusiwe ila kwa pumzi ya kuingia, si ya kutoka. Wakaonyeshwa mtu anayecheka kwa pumzi ya kuingia, na wajumbe wakamtazama kwa makini kabisa, wengine wakimsogelea. Alionekana kama anayekabwa. Hoja ikapita.

Kuhusu kulia hapakuwa na mjadala, sheria ilikwishapita zamani. Mtu akifiwa halii mwenyewe. Wanaletwa waliaji kutoka nchi ya jirani, wanalia kwa niaba yake, yeye amekaa pembeni anakunywa tangawizi.

Shaweji aliyasikia haya yote kwa hamu, kila jibu likimzalia maswali mapya. Lakini lililomkaa moyoni zaidi ni lile alilolikuta dukani.

Wale wezi wa zamani, baada ya kuajiriwa, waliiuzia nchi kitu cha pili: Sauti-kazi. Kwa kuwa Sikio Kuu lilikuwa na sauti ya kila mtu, walisema, kwa nini mtu ajichoshe kwenda kazini? Sauti yake iende. Ijibu wateja, ipatane bei, iagize mali, ifunge mikataba. Ule ule ufundi uliokuwa wizi ulipewa kibali ukaitwa huduma. Watu wakafurahi, wakanunua magodoro. Waajiri nao wakafurahi, mpaka wakaanza kuulizana kwa nini Sauti inayofanya kazi bila chakula cha mchana ilipiwe mshahara wa mtu anayekula. Lakini hilo lilikuwa bado linachunguzwa na kamati.

Basi Shaweji akaenda kwenye duka kubwa la mito na magodoro, duka la Mize. Akapiga hodi kama alivyofundishwa alipoandikishwa katika Ofisi ya Wageni, Sikio likasema, "Karibu, mgeni," na ndani akapokelewa na sauti ya mwanamke, nyororo, changamfu, ikitoka ukutani. Walipatana vizuri mno. Sauti ilijua sufi, ilijua kusifia mali huku ikiiponda, na aliposhusha bei ilicheka kidogo kwa namna ya kumfanya mtu ashushe tena. Shaweji akajisemea moyoni kwamba huyu ni dalali mwenzake.

Alipotoka akamkuta mwanamke ameketi kwenye sanduku la mbao pembeni ya mlango. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mmepatana?" mwanamke akauliza. Sauti yake ilikuwa nzito na kavu, inakwaruza.

"Tumepatana, dada. Bi Mize ni mfanyabiashara kweli kweli."

"Ahsante," akasema yule mwanamke. "Bi Mize ni mimi."

Shaweji akamgeukia Bwana Chande. Bwana Chande alikuwa anatazama viatu vyake.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mama yake Mize, Bi Mashavu, ndiye aliyelianzisha duka hilo kwa mashine moja ya kushonea, na Mize alikulia katikati ya magunia ya sufi. Bi Mashavu akafariki. Waliaji wakaletwa, wakapanga mstari, wakajisafisha koo. Mize akawafukuza. Alimlilia mama yake mwenyewe, kwa koo lake, mchana na usiku, akagaragara na kuita mpaka sauti ikakatika. Iliporudi ilirudi nyingine. Alipokwenda dukani akapiga hodi, Sikio likasema, "Sikujui." Alipokwenda nyumbani, "Sikujui." Benki, hospitali, mpaka bombani: "Sikujui."

"Pole sana, dada yangu," Shaweji akasema. "Pole mno. Mama ni mama."

Mize akamtazama kama aliyepewa maji. "Wewe ni wa kwanza kunipa pole," akasema. "Majirani wanaogopa. Mimi sina jina, pole wampe nani?"

"Sasa Sauti yako si iseme tu kwamba ni wewe?"

"Niliiuliza kutoka hapa mlangoni. Ikaniambia kwa upole kwamba Bi Mize yumo ndani anafanya kazi, na kama nataka godoro nitahudumiwa."

Ala! Shaweji akataka kujua sheria inasemaje. Bwana Chande akamweleza, kwa shida, akijipangusa uso kwa leso. Sheria ya Masikizi ina maneno mawili, Asili na Mfano. Asili ni kile kisichobadilika. Mfano ni kile kinachojaribu kufanana na Asili kikashindwa. Kwa hiyo Sauti iliyomo dukani, ambayo haijabadilika hata chembe, inadaiwa kuwa ndiyo Asili, na huyu aliyeketi kwenye sanduku ni Mfano. Kesi ingesikilizwa kesho yake. Akishindwa, Mize ataandikwa Mfano maisha yake yote, na Mfano hamiliki duka, haajiriwi, haolewi, na haruhusiwi kulala chini ya paa lenye Sikio.

"Na hakuna paa lisilo na Sikio," akasema Mize.

Shaweji usiku huo hakupata usingizi, na alikuwa juu ya godoro la sufi la daraja la kwanza. Asubuhi aliwahi mahakamani kabla ya wote.

Hakimu Mkadamu alifika, akajikaza mlangoni, "Ho... kwik... di," akakaribishwa, akaingia akijifuta jasho. Watu wakaingia mmoja mmoja. Mize hakuingia, maana Sikio la mahakama halikumjua. Akabaki nje kizingitini, kesi yake ikaendelea ndani, na maneno yakamfikia kupitia dirishani. Yeye hakuruhusiwa kujibu. Sauti-kazi yake ndiyo ilisikika ukutani, changamfu kama jana.

"Jina lako?" Hakimu akauliza.

"Mize binti Mashavu, Mheshimiwa."

"Inadaiwa kwamba sauti yako ilibadilika kwa sababu ya msiba wa mama yako."

"Sina msiba wowote, Mheshimiwa. Mama yangu hajambo."

Ukumbi ukaguna. Kila mtu pale alikuwa amekwenda mazikoni. Bwana Chande mwenyewe alibeba jeneza. Shaweji akamwona anafungua viganja vyake polepole, akivitazama.

"Yuko wapi?" Hakimu akauliza.

"Yuko sokoni. Amekwenda kutafuta kitambaa cha mistari cha kushonea foronya. Atarudi."

Nje dirishani kikasikika kilio kifupi, kikakatika.

Hakimu akamwita karani, akamwuliza kama Bi Mashavu ameandikwa marehemu katika kumbukumbu za Sikio Kuu. Karani akasema hapana, hakuna marehemu yeyote aliyeandikwa humo. Sheria inataka kifo kithibitishwe kwa sauti ya mhusika mwenyewe, na mpaka leo hakuna aliyejitokeza.

"Basi jambo liko wazi," akasema Hakimu kwa faraja. "Sikio halikosei. Bi Mashavu yu hai. Na kama yu hai, hapakuwa na sababu ya mtu kumlilia. Na kama hapakuwa na sababu ya kulia, huyo mwenye sauti ya kulia hapo nje ni nani?"

Watu wakatikisa vichwa, wakikubali. Wale wale waliomwaga mchanga kaburini! Shaweji akahisi damu inampanda. Hakuwa na cheo mahakamani wala hakuruhusiwa kusema, lakini udadisi wake haujawahi kuomba ruhusa.

"Mheshimiwa, niwie radhi, mimi mgeni," akasema, na ingawa alijitahidi kunong'ona vioo vilitetemeka. "Duka limeandikwa kwa jina la nani?"

Karani akatazama. "La Bi Mashavu. Halijabadilishwa."

"Na kama Bi Mashavu yu hai, duka si lake? Mbona mnawagawia wengine mali ya mtu aliyekwenda sokoni? Mwiteni, mumwulize mwenyewe binti yake ni yupi."

Aliyasema hayo kwa hasira, kuwaaibisha. Alitegemea watainamisha vichwa. Lakini Hakimu Mkadamu uso ulimng'aa, kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa kutokea. "Mgeni ana akili," akasema. "Mwiteni Bi Mashavu."

Tarishi wa mahakama akaenda dirishani, akaita kwa sauti yake iliyopimwa: "Mashavu binti Sefu! Mashavu binti Sefu, unaitwa!"

Akaita tena. Shaweji akatamani ardhi immeze kwa lile alilolianzisha. Tarishi akavuta pumzi aite mara nyingine, na hapo Mize akashindwa kuvumilia. Akauvamia mlango kwa ngumi zote mbili.

"Hodi!" akapiga kelele, na ile sauti yake ikachanika zaidi, ikashuka chini kuliko alivyowahi kuitoa mlango wowote. "Hodi, nasema! Mwacheni mama yangu! Mwacheni apumzike!"

Sikio la mlango likasema, taratibu na kwa adabu:

"Karibu, Bi Mashavu."

Na mlango ukafunguka.

Mize akasimama pale pale, ngumi bado ziko hewani. Kisha kikongwe mmoja wa mstari wa nyuma akasema chini chini, "Wallahi, ndiyo yake. Ndiyo sauti ya Mashavu hasa." Na wengine nao wakaisikia, wakashangaa ilikuwaje hawakuisikia mapema, uzito ule ule, mkwaruzo ule ule wa mwanamke aliyezeeka katikati ya vumbi la sufi. Mize mwenyewe akajishika koo.

"Bi Mashavu," Hakimu akasema, akiinuka kidogo kwa heshima, "samahani kwa usumbufu. Je, ni wewe mwenye duka la mito na magodoro?"

Mize akafungua mdomo. Shaweji aliyaona yote usoni mwake, kama aliyekuwa akipima mwenyewe. Akisema yeye ni Mize, mlango utafungwa, na atarudi kwenye sanduku, tena hata sanduku watamnyang'anya. Akiitikia, atalipata duka, nyumba, na maji ya bombani, lakini hakutakuwa na mtu nchini atakayekubali tena kwamba mama yake amekufa, na yeye mwenyewe hatakuwa na haki ya kufiwa.

"Itika, bibi," Bwana Chande akanong'ona, machozi yanamtiririka waziwazi bila kujali koo. "Nakuomba kwa jina la Mungu, itika."

"Labeka," akasema Mize.

Kesi ikafungwa. Hakimu akatoa hukumu kwamba duka ni la Bi Mashavu, ambaye yu hai na buheri wa afya. Kwamba binti yake, Mize, ataendelea kumfanyia kazi kama kawaida. Na kwamba yule Mfano aliyekuwa akilia kizingitini hajulikani alikokwenda, asitafutwe. Watu wakatoka wakipeana mikono, wameridhika na haki. Mmoja akamwambia Mize, "Shikamoo, Bi Mashavu." Alikuwa rafiki yake, walicheza pamoja utotoni.

"Marahaba," akajibu.

Shaweji na Bwana Chande wakamsindikiza mpaka dukani. Shaweji alitaka kumwomba radhi na hakujua amwombe nani, maana kwa jina moja angemtukana marehemu, na kwa jina jingine angemrudisha sandukuni. Akachukua mkono wake tu, akaubana.

Mize akausogelea mlango wake. Lile sanduku la mbao lilikuwa bado lipo pembeni. Akalisukuma kando kwa mguu, akajisafisha koo, kisha akaogopa asilisafishe mno.

"Hodi," akasema.

"Karibu, Bi Mashavu," likajibu Sikio, na mlango ukafunguka. Harufu ya sufi mpya ikatoka. Na kutoka ndani, ukutani, ikaja ile sauti nyororo, sauti yake mwenyewe ya kabla ya msiba, imejaa furaha.

"Mama! Mbona umechelewa hivyo? Kitambaa umekipata?"

Mize akashika fremu ya mlango. Shaweji anasema alikaa pale muda mrefu, mpaka akadhani atageuka akimbie.

"Sikukipata, mwanangu," akasema. "Lakini nimerudi."